Huyu Ni Nani Wako?

Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoanza kuwa mkalimani wa mama. Hakuna aliyeniajiri. Lugha ya nchi tuliyohamia iliniingia mapema, kama inavyowaingia watoto, na mama akabaki nyuma na salamu, hesabu, na majina ya vitu vya dukani. Basi kwenye kila dirisha la ofisi tulisimama wawili, yeye mbele, mimi ubavuni. Karani anasema, nasema. Mama anasema, nasema. Kwa daktari nilitamka maradhi ambayo mtoto wa umri ule hakupaswa kujua kwamba yamo mwilini mwa mama yake. Fomu nazo nilizijaza mimi: jina, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa. Mwaka alipofariki baba nilijifunza kuihamisha alama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, mama akikifuata kidole changu kwa macho.

Mkalimani mtoto huvumbua siri moja haraka sana. Maneno yote yanapita kwake, na njiani anaweza kuyapunguza makali. Karani akifoka, mama alipokea sauti ya upole. Mama akilaani, karani alipokea shukrani. Sikuona kwamba nasema uongo. Niliona nawalinda wote wawili, na kazi hiyo niliionea fahari.

Miaka kumi na saba baadaye nilimpeleka nyumbani mwanamume niliyempenda. Hakujua Kiswahili. Alikaa ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti, na mama akamtazama bila papara, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ni nani wako?"

"Rafiki yangu," nikasema.

Yeye hakujua nimeulizwa nini wala nimejibu nini. Wiki nzima alikuwa akijiandaa. Akasema kwa lugha yake kwamba ananipenda, kwamba anataka kunioa, na kwamba ameona si adabu mama alisikie jambo hilo kwa mtu mwingine kabla hajalisikia kwake. Akaniomba nimfikishie.

Nikamwambia mama, "Anasema amefurahi kukufahamu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akasema karibu, akaenda jikoni. Yule bwana akanibana vidole kwa furaha, akidhani limesemwa. Mwaka mmoja na nusu tuliishi hivyo, yeye akingoja jibu la mama, mimi nikimwambia watu wa kwetu hawana haraka, mpaka akachoka kungoja. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo.

* * *

Tangu hapo nimezisoma riwaya za mapenzi za familia za wahamiaji kwa kiu ya mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea. Njia zake nazijua. Binti, au kijana, amekulia ugenini. Wazazi wamefanya kazi za kuvunja mgongo ili yeye asome. Anampenda mtu ambaye si wa dini yao, au lugha yao, au rangi yao, au ni wa kwao kabisa lakini wa ukoo usiotajwa mezani. Kuna mwingine ambaye jina lake limeshatajwatajwa, mtoto wa rafiki wa baba, ana digrii. Kuna uongo mdogo unaozaa mkubwa. Kisha siri inafumuka, kuna kilio, kuna kipindi cha kununiana, na mwishoni kuna harusi.

Najua yote haya, na bado mapigo ya moyo wangu hubadilika kwenye ukurasa ule ule mmoja: mpenzi anavuka kizingiti, mzazi anauliza ni nani. Mwandishi akiuweza ukurasa huo, nitamsamehe mengine mengi. Akiuruka, akanipeleka moja kwa moja kwenye kelele na milango inayobamizwa, huwa nakifunga kitabu, maana najua hajawahi kukaa kwenye sebule ile, au amekaa na ameamua kutoisema.

Lawama yangu kubwa ni namna wazazi wanavyotendewa. Binti hupewa kurasa mia tatu za mawazo, baba yake akapewa sentensi nne na kikohozi. Anakataa, anainuka, anatoka chumbani. Alimpenda nani alipokuwa na miaka ishirini na miwili? Alimwacha nani bandarini? Hatuambiwi. Mwandishi anamtia neno "utamaduni" mdomoni, anaona amemaliza kazi.

Mimi sijamwona bado mzazi anayemkataa mkwe kwa ajili ya utamaduni mtupu. Nimewaona wanaokataa kwa hofu, na hofu zenyewe zina majina. Kuna hofu ya kuwa na wajukuu utakaowapakata bila kuweza kuwasimulia kitu. Kuna hofu ya kuzeeka mahali ambapo hakuna atakayekuelewa ukisema panapokuuma. Mama asiyejua lugha ya nchi anapomwona mkwe asiyejua lugha yake, anapiga hesabu ambayo binti, kwa sababu yumo ndani ya mapenzi, haioni: mkalimani wangu anaondoka. Mtoto huyu aliyenisemea kwa daktari tangu akiwa mdogo, kuanzia sasa atarudi kwenye nyumba ambayo humo mimi ndiye bubu. Nimesoma riwaya nyingi na sijakutana na mama aliyepewa nafasi ya kuisema hofu hii kwa kinywa chake mwenyewe. Nikikutana naye nitakinunua kitabu hicho mara mbili.

* * *

Nataka riwaya hizi ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, wala si mapenzi ya lugha tu yanayonisukuma. Kiswahili kinamtega mhusika pale kizingitini kwa namna ambayo lugha niliyojifunza ugenini haiwezi.

Lichukue swali lenyewe. "Huyu ni nani wako?" Halitafuti jina. Jina mama angelipata kwa kumsalimia tu. Linatafuta fungamano, na jibu lake sharti liwe na "-angu" ndani yake. Sasa angalia maneno yaliyopo ghalani. Rafiki ni jepesi, unaweza kumficha yeyote chini yake, na kila mzazi analijua hilo. Mchumba ni zito: ukilitamka umeshawaita watu, kwa sababu uchumba ni jambo la pande mbili na hautangazwi na mtu mmoja aliyesimama sebuleni na viatu bado mguuni. Mpenzi halitamkiki mbele ya mama. Lina chumba ndani yake, lina kitasa.

Na neno hilo hilo nililiandika kila mwezi utoto wangu wote. "Bibi mpenzi," ndivyo mama alivyonifundisha kuanza barua kwa mama yake. Bibi alikuwa mpenzi, shangazi alikuwa mpenzi, hata mjomba ambaye sura yake siikumbuki alikuwa mpenzi. Mtu niliyempenda mwenyewe, kwa hiari yangu, ndiye aliyekosa neno.

Lilikuwepo mwenzangu. Nimeligundua nikiwa nimechelewa mno. Baada ya baba kufa, mama hakusema "mume wangu alipofariki". Alisema "tangu mwenzangu aondoke". Mwenzangu ni mtu mliye naye katika hali moja, awe wa safari, wa shida, wa kazi, au wa kitanda, na neno halikulazimishi kutaja ni kipi. Laiti ningesema "huyu ni mwenzangu", mama angelisikia neno lake mwenyewe likirudi.

Kisha sarufi. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi kimeshapanga nani anatenda na nani anatendewa kabla wahusika hawajaingia. Yule bwana alitumia kitenzi cha kwao kisicho na upande, na mimi, kama ningekuwa mkalimani mwaminifu, ningelazimika kuchagua. Ningeweza kusema "anataka kunioa", nikakaa kando kama mzigo unaozungumziwa bei. Au ningeweza kusema "tunataka kuoana", na kwa silabi moja, ile "na" ya mwisho, ningekuwa nimekiri shauku yangu mwenyewe mbele ya mama. Nimelifikiria hili miaka mingi. Matakwa yake yeye hayakunitisha kuyasema. Ile silabi ndiyo iliyonifunga ulimi, kwa sababu ingemwambia mama ninachokitaka mimi.

Na mgeni! Lugha yetu haitenganishi mgeni uliyemwalika, mgeni usiyemjua, na mgeni aliyetoka nchi nyingine. Wote ni neno moja, na wote tunawaimbia methali ile ile, mgeni njoo mwenyeji apone. Sebuleni siku ile mgeni alikuwa nani? Yeye alikuwa mgeni wa nyumba. Mama alikuwa mgeni wa nchi, na mwenyeji wa nchi hiyo ndiye aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kochi akiogopa kunyoosha miguu. Kila mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwa mwenzake. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kulichezea neno hilo sura nzima bila kumfafanulia msomaji chochote.

Kuna na radhi. Riwaya za lugha nyingine zinaliita jambo hili ruhusa, au baraka, na zote mbili zinapungukiwa. Ruhusa hutolewa siku moja ikaisha. Radhi hukufuata. Mtoto anaweza kuolewa kwa ruhusa ya wazazi, wakaja hadi harusini na nguo mpya, na asiwe na radhi yao, na yeye akalijua hilo kila anapougua. Anaweza pia kuondoka bila ruhusa, akaambiwa kwa simu miaka minne baadaye, kwa sentensi fupi isiyotaja kosa, kwamba radhi anayo. Riwaya nzima inaweza kuning'inia katikati ya maneno haya mawili, na mwandishi asihitaji mjomba katili wala ajali ya gari ili kutupa wasiwasi.

Neno la mwisho ni watu. "Watu watasemaje?" Nilipokuwa kijana niliichukia sentensi hii kuliko zote. Watu gani? Ugenini watu ni familia chache tu zinazokutana misibani na harusini. Nilichokuwa sikioni ni kwamba familia hizo chache ndizo mashahidi pekee kwamba mama alikuwa mtu kabla hajavuka mpaka. Kwa wenyeji wa nchi ni mwanamke asiyejua kusema. Kwa watu ni fulani binti fulani, aliyesoma, aliyeshona vizuri, aliyekuwa mzuri akiwa msichana. Anapoogopa kuwapoteza watu anaogopa kubaki na lile jina moja tu alilopewa kwenye foleni.

* * *

Maagizo ya wazazi tunayaona kama kinyume cha mapenzi, na riwaya nyingi zimejengwa juu ya dhana hiyo: upande huu moyo, upande ule wosia. Fasihi yetu yenyewe inaikanusha. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wake mwaka 1858, mgonjwa na mjane, alimtungia binti yake maagizo matupu, namna ya kusema na watu, namna ya kukaa na mume, namna ya kuitunza nyumba. Leo baadhi yake yanatukwaza, na ni haki yatukwaze. Lakini mwite mtu yeyote aliyewahi kufiwa na mama akae na kuusoma, uone kama hatausikia ule mkono unaopapasa gizani ukitafuta kichwa cha mtoto. Mama anayejua kwamba hatakuwepo hana namna nyingi za kusema nakupenda. Anasema fanya hivi, usifanye vile.

Mhamiaji naye yumo katika hali ya namna hiyo. Ulimwengu alioujua hautakuwepo mtoto wake atakapokuwa mkubwa, na maagizo ndiyo akiba pekee aliyobeba. Hili simwambii msomaji ili amtake binti atii. Binti asitii, akiona hivyo. Ila mwandishi amfanye akatae kitu kikubwa, akijua ni kikubwa.

* * *

Siku hizi riwaya hizi zinauzwa kama jambo jipya, na mimi hupenda kuwakumbusha watu kwamba zilianza kama barua. Januari 1906, gazeti la New York liitwalo Forverts, lililoandikwa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, chini ya mhariri wake Abraham Cahan, lilianzisha safu iliyoitwa A Bintel Brief, yaani furushi la barua. Wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki waliandika shida zao, na gazeti likajibu. Fukara wa viwandani, wengi wakiwa vijana, wakauliza yale yale tunayouliza. Nimempenda asiyefuata dini na baba yangu ni mcha Mungu, nifanyeje? Nimemwacha mchumba ng'ambo na hapa nimempata mwingine. Kijana mmoja aliandika kwamba anampenda msichana mwenye kishimo kidevuni, na watu wamemwambia mwanamke wa namna hiyo hufiwa na mume wake wa kwanza. Gazeti hilo hilo lilichapisha pia picha za waume waliozitoroka familia zao, ili wake zao wawapate. Humo mna riwaya elfu, na kila moja imeandikwa na mhusika mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, bila mkalimani.

Miaka michache baadaye, kati ya 1918 na 1920, wanasosholojia William Thomas na Florian Znaniecki walichapisha kazi yao kubwa juu ya wakulima wa Poland walioenda Marekani, na sehemu kubwa ya ushahidi wao ilikuwa barua za familia. Barua hizo huanza na salamu za dini, kisha zinamtaja ndugu mmoja baada ya mwingine. Nilipozisoma nilizitambua papo hapo. Ndivyo nilivyomwandikia bibi: wa hali gani, sisi wazima, msalimie fulani, na fulani, na fulani, ukurasa mzima kabla hatujafika kwenye "ama baada ya salamu". Nilikuwa nikichoka. Sasa naona kwamba zile salamu ndizo zilizokuwa habari yenyewe. Kijana aliye mbali anamtaja kila mtu kwa jina ili asisahauliwe na yeyote kati yao. Atakapotaka kumleta mwanamke wasiyemjua, orodha ile yote ya majina ndiyo itakayomuuliza huyu ni nani wako.

Na wapo walioyaanza mapenzi yao kwa picha. Baada ya makubaliano ya 1907 na 1908 kati ya Japani na Marekani, Japani iliacha kuwapa vibarua pasipoti za kwenda kule, lakini wake za waliokwishatangulia waliruhusiwa kuwafuata. Basi familia zikabadilishana picha kwa posta. Jina la msichana liliingizwa kwenye daftari la ukoo wa mwanamume, na hapo sheria ya kwao ikawahesabu ni mume na mke, bahari ikiwa bado katikati yao. Maelfu walisafiri hivyo kwenda Hawaii na pwani ya magharibi ya Marekani, mpaka Japani ilipositisha, mwaka 1920, pasipoti za mabibi harusi hao waliokuwa wakienda Marekani bara. Baadhi ya wanaume walikuwa wametuma picha za ujana wao, au picha waliyopigwa na suti ya kuazima. Msichana anashuka melini, picha mkononi, anazitazama nyuso zilizopanga mstari, na mtu wa picha hayupo. Yupo mwingine, amezeeka, anamtabasamia.

Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha udanganyifu, na udanganyifu ulikuwepo. Kinachonivuta mimi ni siku ya pili yake, na ya mia. Mwanamke yule alilazimika kuamua kama atampenda mtu aliyekuja badala ya picha. Kuna waliotoroka. Kuna waliokaa na chuki. Na kuna waliopenda, polepole, bila shahidi. Wajukuu wao ndio wanaoandika leo riwaya ambamo bibi anakaa pembeni akisuka au akisali, na mjukuu anadhani bibi hajui lolote juu ya mapenzi.

* * *

Waandishi wengi pia wanamsahau mkwe mwingine aliye kwenye kila ndoa ya namna hii: serikali. Anakaa mezani, anauliza maswali, anadai vielelezo.

Sheria ya Marekani ya 1907 ilimvua uraia mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mgeni. Sheria ya 1922 ilirekebisha, lakini si kwa wote. Aliyeolewa na mwanamume ambaye sheria ilimwona hafai kuwa raia, yaani Waasia kwa sehemu kubwa, aliendelea kuupoteza mpaka 1931. Mwaka 2002 Denmark iliweka kanuni kwamba anayemleta mume au mke kutoka nje, yeye na mwenzake wote sharti wawe wametimiza miaka 24. Uingereza iliweka Julai 2012 kiwango cha kipato kwa anayemleta mwenzi wake, pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 ikakipandisha hadi pauni 29,000. Fikiria mama wa riwayani anasema, "Huyo hana kazi ya maana, usimpende." Msomaji anamchukia. Serikali inasema maneno hayo hayo kwa tarakimu, na riwaya inapita bila kusimama.

Katika familia za wahamiaji, mapenzi hupimwa pia kwa karatasi. Ofisi hutaka picha za pamoja, ujumbe wa simu, risiti, ushahidi kwamba mnapendana kweli. Kuna wapenzi wanaofunga ndoa haraka kuliko walivyotaka kwa sababu kibali kinaisha mwezi ujao, na maisha yao yote watajiuliza kama wangeoana bila kibali. Mwandishi wa mapenzi ambaye hajaligusa swali hilo ameacha dhahabu chini. Na wazazi, ambao walishazijaza fomu hizo kabla mtoto hajazaliwa, wanajua kuogopa vitu ambavyo mtoto bado anaviona kama utaratibu tu.

* * *

Nina jambo juu ya miisho, kisha nitamrudia mama.

Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani kimeieleza riwaya ya mapenzi kwa masharti mawili: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini, na mwisho umridhishe msomaji na kumpa matumaini. Mimi siyapingi. Mtu aliyetoka kazini amechoka ana haki ya kufunga kitabu akiwa na matumaini. Ninachopinga ni bei nafuu inayolipwa kuyapata. Baba aliyekataa kwa kurasa mia mbili anatokea mlangoni mwa ukumbi, macho mekundu, anamshika binti mkono, muziki unaanza. Nani amezungumza naye? Amepoteza nini ili aweze kusimama pale? Mwanahistoria Marcus Lee Hansen, mwenyewe mtoto wa wahamiaji, alisema mwaka 1937 kwamba kile mwana anachotaka kukisahau, mjukuu hutaka kukikumbuka. Ikiwa ni hivyo, basi siku ya harusi bado ni mapema mno kwa mwisho. Kisa kinaiva pale mjukuu anapomuuliza bibi, kwa lugha aliyojifunza kwa shida ukubwani, "Bibi, wewe ulimpenda nani?" na mama, aliyegombana na bibi maisha yake yote, amesimama mlangoni anasikia jibu kwa mara ya kwanza.

Matumaini ninayoyataka mimi ni ya mazungumzo yanayowezekana. Wapenzi waoane au wasioane, lakini kabla ya ukurasa wa mwisho mzazi awe amesema jambo zima, kwa maneno yake, na mtoto awe amelisikia bila kulichuja.

Mama sasa ni mzee. Lugha ya nchi bado haisemi akiweza kuikwepa, na barua za ofisi bado namsomea mimi. Jioni moja mwaka jana nilikuwa nikimsomea barua moja ndefu. Nikafika mahali walipoandika kwa ukali, nikapalainisha kwa mazoea, kama nilivyofanya tangu nikiwa na miaka tisa.

"Soma walivyoandika," akasema.

Nikarudi nyuma, nikasoma walivyoandika. Akasikiliza mpaka kituo. Kisha, macho yake yakiwa kwenye ile karatasi, akauliza, "Yule rafiki yako aliyekaa hapo ukingoni mwa kochi, alipata mtu?"

Nikamwambia alioa, ana watoto wawili.

"Siku ile hukunipa maneno yake."

Sikuwa na la kusema.

"Nilimsikia," akasema mama. "Lile neno lao la kuoa nalijua. Lipo kwenye kila fomu. Ulikuwa unalitia alama mbele yangu." Akainyoosha barua juu ya goti kwa kiganja. "Nilikuwa nangoja uliseme wewe."

Ilinichukua muda kupata sauti. Nikamuuliza angemjibu nini.

"Ningemuuliza kwao ni wapi," akasema, na akanipa barua tuendelee na ukurasa wa pili.